Kabla hamjaniuliza karibu au mbali, fungueni mfereji

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kwa pesa ileile mtu angechagua nyumba ndogo karibu na tao ama kubwa huko mbali. Nimeisoma nikiwa kwa matatu Kangundo Road, tumesimama hapo Njiru karibu nusu saa, na nikajiambia hili swali limeandikwa na mtu ambaye mfereji wake hutoa maji.

Wacha niwaambie ya Zimmerman, mtaa wa hapa Nairobi. Nilihamia huko 2021, wan bedroom gorofa ya tano, 13,000. Taili mpaka jikoni, shawa ya moto, kabati za ukutani, na ukitoka kwa geti unafika Thika Road bado unatafuna mkate. Siku ya kuangalia nyumba ilikuwa Jumapili, keateka, yule mtunza jengo, akafungua mfereji mbele yangu maji yakaruka mpaka kwa viatu. Nikalipa dipoziti siku hiyohiyo, mjinga mimi.

Wiki ya kwanza maji yakaja mara mbili. Ya pili mara moja. Nikimuuliza keateka ananiambia ni mgao, na mgao si sote tunaujua, hata Ndakaini, lile bwawa la maji ya Nairobi, ikijaa pomoni tukaonyeshwa kwa habari bado mtaani ni kusubiri siku yenu, kwa hivyo sikubishana. Nikaanza kununua ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 ni shilingi 20, kijana wa kupandisha ngazi anataka kumi yake, mitungi mitano kwa siku, siku tano kwa wiki, piga hesabu uone kama si 3,000 kwa mwezi juu ya renti. Na hiyo ni kuoga kwa beseni na kufulia kwa dada yangu Kahawa West.

Sasa mama mkwe akaja kutoka Kitui kuona mtoto. Siku ya pili naamka saa kumi na moja alfajiri simwoni. Kutoka kwa ngazi namkuta anapanda, mtungi mgongoni, kamba kwa paji la uso vile wanabebanga kwao, amefika gorofa ya tatu, wapangaji wa kwenda kazini wamejibana ukutani wampishe, mimi na kanga yangu sijui nijifiche wapi. Nikamwambia mama tafadhali weka chini nikusaidie. Hakuweka. Alipofika juu ndio akaongea: "Hata kwetu tunafuata maji mbali, lakini hatupandi nayo mbinguni."

Akateremka tena. Ule wa pili keateka hakuvumilia, mzee wa umri wa mama yake anapita mbele yake na mtungi, akamwambia, "Mama, rudi tu nyumbani, nitawafungulia maji." Dakika ishirini hivi mfereji wangu ukakohoa, ukatema hewa, halafu maji! Yaani yalikuwa kwa tangi ya chini siku zote. Landilodi hakutaka pampu iwake kila siku imalize tokeni za stima, kwa hivyo tangi ya juu ilijazwa siku fulani tu, na kila Jumapili, ile siku watu wanakuja kuangalia nyumba. Sikumchukia keateka sana, naye anaagizwa. Landilodi sikuwahi kumwona, nilijua tu namba ya kulipia.

Na msiniambie ati niende kushtaki. Ile sheria ya kuzuia renti ni ya 1959 na inalinda nyumba ya renti ya shilingi 2,500 kwa mwezi kushuka chini. Nionyesheni nyumba ya 2,500 yenye choo ndani Nairobi hii nihamie leo.

Nikahamia Ruai, huku mbali kwa Kangundo Road. Tu-bedroom, 12,000, kisima ndani ya ploti, maji usiku na mchana. Ya chumvi, sabuni haitoi povu, na jioni upepo ukigeuka unasikia harufu ya ile mitambo ya majitaka, lakini nilikuwa nimeapa: maji kwanza, mambo ya karibu na mbali ni ya wenye kujidai. Nilipoanza kuandika hapa ndivyo ningewajibu.

Shida nimeanza kupiga hesabu hapa kwa siti. Nauli ya Ruai mia kwenda mia kurudi, siku 26 ni 5,200. Zimmerman nilikuwa natumia kama 3,100. Ukiweka yale maji ya mkokoteni bado Ruai ni rahisi kwa karibu elfu mbili, sawa, hapo nimeshinda. Lakini natoka saa kumi na moja kasoro nikamwacha mtoto amelala, nafika saa tatu usiku nikamkuta amelala, na Jumapili iliyopita alikuwa anamwita dada wa kazi mama. Mvua ikinyesha nauli inakuwa 150 na hiyo saa tatu inakuwa saa nne.

Kwa hivyo andikeni jibu langu ni karibu, hata kama ni bedsita ya chumba kimoja, ila isiwe juu ya gorofa ya pili, na mume wangu hajakubali bado. Nimeona moja Roysambu, karibu na Zimmerman. Keateka ameniambia nije Jumapili. Nitaenda Alhamisi jioni bila kupiga simu, na nikifika nitaomba kutumia choo.