Yule Mtu wa Kwenye Picha

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza yule mtu mwembamba aliyekunja miguu, picha yake iko ukutani dukani kwa tajiri wako huko Nairobi, ni nani, na vipi muuza vito aitwe mwalimu wa roho. Nilipokuwa karani kwa Wajaini, watu wa dini ya Kihindi inayokataza kuua kiumbe chochote, hapa Mombasa nilitatizwa na hilohilo, mpaka mzee wa duka akaniketisha.

Ni Shrimad Rajchandra, mzaliwa wa Vavaniya, Gujarat, India, 1867. Alipokuwa na miaka saba, Amichand, mtu aliyempenda sana, aliumwa na nyoka akafa. Mtoto hajui kufa ni nini. Akaenda kwa siri, akapanda mti wa miiba kando ya bwawa, akautazama mwili ukiteketea. Wafuasi wake husema ni palepale juu ndipo alipokumbuka maisha yake ya kale. Mimi humwaza yule mtoto mtini, peke yake.

Ukubwani aliuza lulu na almasi Bombay. Gandhi alikutana naye huko 1891, katoka Uingereza, na ameandika kwamba mezani pake hapakosi kitabu cha dini na daftari la mawazo yake. Hesabu za biashara zikiisha tu, huyo keshafungua kimoja. Duka halikumzuia, mwanangu. Husimuliwa kwamba aliwahi kupatana na mtu bei ya vito, bei ikapanda ghafla, mwenziwe akawa hali wala halali. Shrimad akaichana hati ya mapatano mbele yake, akasema: yeye hunywa maziwa, damu ya mtu hanywi.

Mwaka 1896, Nadiad, alitunga beti 142 za Atma Siddhi, utenzi wake juu ya roho, kwa kikao kimoja, mwanafunzi wake Ambalal kamshikia taa.

Lakini ninalolipenda zaidi ni barua. Gandhi yuko Afrika Kusini, rafiki Wakristo na Waislamu wanamvuta huku na huku, akamwandikia Shrimad maswali 27. La mwisho: nyoka akija kuniuma, nimwache au nimuue? Akajibiwa kwamba ni vigumu kumshauri mtu akubali kuumwa. Ila aliyekwisha kujua kuwa mwili ni wa kupita, amuue kiumbe ili aulinde mwili huo kwa sababu gani? Kila nikilikumbuka jibu hilo namwona Amichand.

Alifariki Rajkot, 1901, na umri wa miaka 33. Hiyo picha ni ya siku zake za mwisho, ndiyo maana mbavu zahesabika.

Baba yako