Bibi kafariki, je roho yake bado iko nyumbani?

Swali: Jai Jinendra mwalimu. Bibi yetu katutoka juzi, na shangazi anasema roho yake itazunguka hapa nyumbani mpaka siku ya 13 kwa hiyo tumwekee chakula. Ni kweli? Na mdogo wangu anauliza eti roho ya sisimizi ni ndogo kuliko ya bibi?

Jibu: Jai Jinendra, poleni sana na msiba. Shangazi usibishane naye, hayo ni ya majirani zetu Wahindu na wengi wetu tumeyazoea, ila kwenye mafundisho ya dini yetu ya Kijaini hayapo. Jiva, yaani roho, ikitoka haingoji, kufumba na kufumbua ishafika kwenye mwili mpya, na haiendi mikono mitupu, inabeba miili miwili laini isiyoonekana, taijasa ambao ni wa joto na karmana ambao ni wa karma. Mliochoma ni ule wa nje tu. Sasa chakula mnamwekea nani? Mpeni mwenye njaa.

Hilo la sisimizi ndo tamu. Zamani mfalme Paesi alikuwa anashikilia kwamba roho na mwili ni kitu kimoja, akamfungia mwizi ndani ya chungu cha chuma, kikazibwa kabisa, mwizi akafa, mfalme akakikagua asione hata katundu, akamuuliza mtawa Kesi haya roho imepitia wapi? Kesi akamwambia mtu akijifungia kwenye nyumba isiyo na upenyo akapiga ngoma, we uliye nje si unaisikia? Akaulizwa tena, ya tembo na ya kadudu zinalinganaje? Akasema taa ukiiwasha chumbani mwanga unajaa chumba, ukiifunika unaishia humo humo kwenye kifuniko, na taa ni ile ile. Leo usiku zimeni stima umwonyeshe mdogo wako kwa tochi ya simu na sufuria, ataelewa kuliko maneno yangu.

Manake roho haijakaa moyoni wala kichwani, imeenea mwili mzima. Na karma kwetu sio hesabu ya mema na mabaya tu, ni vumbi kabisa, hasira, kiburi, hila na tamaa ndo mafuta yanayolifanya ligande. Wazee waliifananisha roho na kibuyu kilichokandikwa udongo matabaka nane, majini kinazama, udongo ukilowa ukabanduka kinapanda chenyewe. Kama bibi alikuwa akifunga Paryushan, zile siku zetu za mfungo na toba, kwa moyo safi, basi kuna udongo kashaubandua.

Shangazi nitampigia mwenyewe.