Gari la Kale ni la Kuendeshwa

Nimekaa na magari ya kale muda wa kutosha kuona watu wengi wakiingia kwa kishindo na kutoka kimyakimya. Wengi huponzwa na jambo lile lile. Mtu ananunua gari, wiki hiyo hiyo analifungua lote, boliti kwenye makopo, milango kwenye kona, injini chini ya turubai, na anaapa kwamba likirudi barabarani litakuwa kama limetoka kiwandani jana. Miaka inakatika. Boliti zimechanganyika, bodi iko kwa fundi wa rangi asiyepokea simu, na mwenyewe bado hajaliendesha hata mara moja gari analosema analipenda.

Ndiyo maana nikiombwa ushauri huanzia hapa: nunua gari linalotembea, hata kama limechakaa, kisha litembeze. Rekebisha kimoja, endesha. Rekebisha kingine, endesha tena. Rangi iliyopauka haijawahi kumzuia mtu kufika aendako. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza angalau miaka 30, na mkataba wake wa Turin unatilia mkazo kuhifadhi kilichopo kabla ya kukimbilia kukifanya upya. Nami nakubaliana nao kabisa. Ngozi ya kiti iliyolainishwa na wote waliokikalia kabla yako haiuzwi dukani; ukishaing'oa, basi.

Ukichagua, chagua gari lililotengenezwa kwa wingi. Ford Model T zilitoka takriban milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Volkswagen Beetle zilipita milioni 21 kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Magari ya namna hii spea zake nyingi bado zinatengenezwa mpya, na shida yoyote utakayokutana nayo kuna mtu alishaipata na kuimaliza. Gari adimu litakupa sifa mbele za watu, lakini raba moja ya kioo cha mbele inaweza kukukalisha mwaka mzima.

Wala usilewe na mlio wa injini. Injini hufunguliwa ikafungwa. Kinachofilisi watu ni kutu. Nenda na sumaku ndogo uipitishe kwenye kingo za chini za milango na juu ya magurudumu. Pale isiponasa, chini ya rangi kuna puti, yaani lipu ya kuzibia mashimo, si bati. Ikiwa ni Beetle, inua kiti cha nyuma: betri inakaa hapo chini, na kwa miaka mingi asidi na unyevu huwa vimeitafuna sakafu yake. Muuzaji asiyetaka uinue kiti amekwisha kukujibu.

Sasa raha yenyewe. Kwangu mimi imo katika kazi ndogo unazofanya kwa mikono yako mwenyewe, na hakuna inayonipendeza kama kurekebisha pointi za distributa, vile vibati viwili vinavyofunguka na kufunga ili plagi zipate cheche. Unafungua vibanio viwili vya distributa, unatoa kofia yake na rota, kile kipande kinachozunguka ndani. Unaizungusha injini polepole kwa spana kwenye pule ya injini hadi kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya ncha ya kemu, mhimili wenye ncha unaozifungua pointi, hapo pointi zimeachana mwisho wake. Unapitisha fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kwa Beetle ni milimita 0.4. Inatakiwa ivutike kwa kukwama kidogo tu, isipite kama kisu kwenye siagi wala isilazimishwe. Unakaza skrubu kisha unapima tena, kwa sababu pointi hupenda kuhama wakati wa kukaza. Unapaka grisi kiasi cha kichwa cha njiti kwenye kemu. Halafu, na hapa ndipo wengi huishia njiani, unaweka taimingi upya, maana ukigusa nafasi ya pointi umegusa pia wakati wa cheche. Ukiwasha na kusikia mlio umetulia, utaelewa kwa nini watu wazima hupotelea gereji Jumamosi nzima.

Gari likizima njiani, usikimbilie kabureta. Anza na umeme. Chomoa waya wa plagi, uelekeze karibu na chuma kwa koleo lenye mpira, mwenzako apige stata. Cheche ikiruka ya buluu, hamia kwenye petroli. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au haipo, tatizo umelipata bila kufungua hata jeti moja, vile vitundu vya petroli vya kabureta. Nimeona kabureta nzima zikivunjwa kando ya barabara kwa kosa la kondensa, kifaa kidogo cha umeme cha kwenye distributa.

Kuhusu umeme kuna tahadhari moja ambayo lazima umwambie kila atakayekuja kukusaidia na waya za kuwashia. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zina volti 6, si 12. Na magari mengi ya Uingereza ya hadi miaka ya 1960 yamefungwa upande chanya wa betri kwenye bodi badala ya hasi. Msaidizi mwema asiyejua hilo anaweza kukuunguzia vitu ndani ya sekunde. Andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, ubandike karibu na betri.

Petroli nayo imebadilika. Risasi imeondolewa duniani kote kwenye petroli ya magari, nchi ya mwisho ikiwa Algeria mwaka 2021, na hilo ni jambo jema kwa mapafu yetu sote. Ila baadhi ya injini za zamani zina viti vya valvu (pete ambazo valvu hufungia juu yake) laini ambavyo hulika bila ile risasi, hasa ukikimbiza sana. Siku kichwa cha silinda kikifunguliwa, mwambie fundi aweke viti vigumu. Kinachonitia hofu zaidi ni ethanoli, ambayo hulainisha na kupasua mipira ya zamani ya mafuta. Badilisha mipira yote uweke inayostahimili ethanoli, na beba kizimamoto mahali unapokifikia ukiwa umekaa. Hapo sina mjadala.

Tairi pia zizingatie, kwa sababu tairi za gari la kale huzeeka kabla ya kuisha meno. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hivyo yabadilishe kila miaka miwili hata kama gari halikutoka sana.

Kuendesha ndiyo sehemu inayohitaji kujifunza upya. Breki za ngoma zikipata moto hulegea, kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele yako, na kwenye mteremko tumia gia. Magari mengi ya zamani gia ya kwanza haina sinkro, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingiane bila kelele. Kuirudia gari likiwa linatembea unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena na kuingiza. Ikiingia bila kelele hakuna atakayekupigia makofi, ila wewe utatabasamu.

Kuharibika njiani kusikuvunje moyo. Bertha Benz, mke wa mtengenezaji magari Karl Benz, alipofunga safari na wanawe wawili kwa gari la mumewe mwaka 1888, kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani, zaidi ya kilomita 100, alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia na kununua mafuta ya kuendeshea kwenye duka la dawa. Mchezo huu ulianza hivyo. Beba fanbelti, kondensa, seti ya pointi, waya kidogo na maji.

Gari likikaa, usiwe na ile tabia ya kuliwasha dakika tano na kulizima. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, na bomba la moshi lisipopata moto wa kutosha maji hayo hubaki ndani yakaozesha chuma. Ama liendeshe hadi lipate moto vizuri, ama liache lilale na betri umeichomoa.

Weka daftari. Andika umebadilisha nini, namba ya beringi, saizi ya jeti, rangi ya waya uliouhamisha na sababu yake. Siku ukiuza au ukimwachia mtoto, daftari liende pamoja na ufunguo.