Kabla Hujaandika "Mchoraji Hajulikani"

Nilianza kazi kwenye kampuni moja ya mnada kusini mwa Uingereza nikiwa mpagazi. Kazi yangu ilikuwa kubeba makabati, kukunja mazulia na kuinua picha mbele ya wanunuzi mpaka mkono unakufa ganzi. Baada ya miaka miwili wakanipa kalamu: niandike maelezo ya katalogi, yaani kitabu cha orodha ya vitu vya mnada. Haya nawaandikia wadogo zangu mnaoingia upande huo, na kilichonisukuma ni picha moja ya maua ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Ilikuja ndani ya sanduku la vikorokoro, familia ikiuza vitu vya bibi yao aliyefariki. Waridi tano ndani ya bilauri, rangi za mafuta juu ya turubai, fremu imepasuka pembeni. Chini kulia kulikuwa na herufi mbili za saini. Nilizitafuta kwa robo saa, sikupata kitu, na foleni ya vitu vingine ilikuwa inanisubiri. Nikaandika: "Mchoraji wa Kiingereza, karne ya 19, hajulikani." Makadirio pauni 80 hadi 120.

Siku ya mnada wanunuzi wawili wa simu walishikana mashati mpaka nyundo ikagonga pauni 2,600. Mimi nikafurahi, nikadhani nimewafanyia mema wale wenye mali. Jioni mzee aliyekuwa akinifundisha kazi akaniita stoo, akaigeuza ile picha. Kwenye ubao wa nyuma, chini ya vumbi la kufutika kwa kidole, kulikuwa na jina kamili la mwanamke kwa penseli, na pembeni kipande cha lebo ya maonyesho. Wale wawili walikuja siku ya kutazama mali, wakageuza. Mimi niliyekaa nayo wiki tatu sikugeuza.

Fedha si ndiyo iliyoniuma zaidi. Katalogi ya mnada haifi mnada ukiisha. Miaka 50 baadaye kuna mtu atakayekuwa akikusanya kazi za mama yule. Atatafuta jina lake kwenye rekodi zetu na hatalipata, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka. Wanawake wengi waliochora maua walipotea hivyohivyo, karani mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo geuza. Mnunuzi wa ng'ombe pale mnada wa Pugu hanunui kwa rangi ya ngozi, hufungua mdomo akatazama meno. Meno ya picha yako nyuma: zile mbao ambazo turubai imewambwa juu yake kama ngozi ya ngoma. Tafuta maandishi ya penseli, lebo, na mhuri wa duka lililouza turubai. Maduka ya rangi ya London yalikuwa yakihama na kubadili anwani, na anwani ikijulikana ilitumika lini, umeshapata umri wa turubai. Ukikuta namba nyeusi zilizopigwa kwa stensili, huenda picha imewahi kupita Christie's, kampuni kubwa ya mnada ya London. Wao huweka kumbukumbu za namba hizo. Piga picha ya kila kitu kabla mtu hajakwambia "safisha".

Ukipata jina la mwanamke, litafute mara mbili, la kwao na la mumewe. Mary Moser, mchoraji wa maua, alikuwa mmoja wa wanawake wawili tu kati ya waasisi wa Royal Academy, chuo cha kifalme cha sanaa cha London, mwaka 1768, mwenzake akiwa Angelica Kauffman. Malkia Charlotte wa Uingereza alimlipa zaidi ya pauni 900 kwa chumba alichokipamba kwa picha za maua pale Frogmore, nyumba ya kifalme. Mwaka 1793 akaolewa na Kapteni Lloyd, na baada ya hapo akawa anaonyesha kazi kwa jina la ndoa, tena kama mchoraji wa kujifurahisha. Ukimtafuta Moser peke yake, nusu ya maisha yake inakupita. (Baada ya hao wawili, chuo hicho hakikumchagua mwanamke kuwa mwanachama kamili mpaka Laura Knight mwaka 1936. Hesabu mwenyewe.)

Kuna hatari nyingine, jina kubwa kumeza jina dogo la nyumba moja. Rachel Ruysch wa Amsterdam anajulikana: alizaliwa 1664, akafundishwa na Willem van Aelst, akazaa watoto kumi, akachora mpaka akiwa na umri wa miaka themanini na kitu. Mdogo wake Anna naye alichora maua, lakini picha alizotia saini ni za kuhesabika. Sasa ikija picha ya maua yenye harufu ya nyumba ile, kila mtu anataka iwe ya Rachel. Wewe uliza pia habari za Anna.

Hapa ndipo lugha ya katalogi inapotaka nidhamu. Jina likikaa peke yake, kampuni inaamini ni mkono wake. "Inanasibishwa na" maana yake huenda ni wake. "Karakana ya" ni kazi ya chini ya paa lake. "Mduara wa" ni mtu wa zama zake aliyekuwa karibu naye. "Mfuasi wa" ni aliyemuiga, si lazima awe mwanafunzi wake. "Kwa namna ya" ni mwigo wa zama za baadaye. Na "imetiwa saini" si sawa na "ina saini": ya pili inamwambia mnunuzi kwamba jina lipo ila tunadhani mkono ni wa mwingine. Wanunuzi wazoefu husoma neno hilo kabla ya kutazama maua.

Saini iangalie kwa lenzi. Rangi ya saini ikiwa imeingia ndani ya nyufa, iliandikwa baada ya nyufa kutokea. Taa ya urujuanimno (UV) itakuonyesha vanishi kuukuu iking'aa kijanikijani na viraka vya marekebisho vikiwa vyeusi. Majani yakiwa ya buluu usikimbilie kusema yameharibiwa. Waholanzi walikuwa wakipaka manjano juu ya buluu kupata kijani, na ile manjano hupauka.

Kisa cha Judith Leyster, mwanamke mchoraji wa Uholanzi, kisome mapema. Picha yake ya wanywaji ya mwaka 1630, ambayo leo iko Louvre, iliuzwa kama ya Frans Hals, Mholanzi mwenzake mwenye jina kubwa. Mwaka 1893 mtaalamu wa historia ya sanaa, Hofstede de Groot, akatambua chini ya saini ya bandia herufi J na L zenye nyota. Picha ni ileile, ustadi uleule, lakini ugomvi wa wafanyabiashara ulikuwa umefika mahakamani London, na thamani ikashuka kwa sababu mchoraji ni mwingine.

Wateja nao watakuja na habari ya picha ya ua jeupe ya Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, iliyouzwa kwenye mnada wa Sotheby's New York Novemba 2014 kwa dola milioni 44.4. Wasikilize kwa heshima, kisha waeleze kwamba bei hiyo ina ada ya mnunuzi ndani yake, ile anayolipa kampuni ya mnada juu ya bei ya nyundo, na kwamba waridi la bibi ni habari nyingine. Makadirio yawe ya chini kidogo. Yakiwa juu huwafukuza watu, na picha iliyokosa mnunuzi huwa ngumu kuiuza mara ya pili.

Ile picha yangu ya waridi niliiombea jina liongezwe kwenye rekodi ya matokeo. Ilichukua miezi minne. Wameliongeza, lakini herufi moja wamekosea. Jana nimewaandikia tena.