Mfumo mpya umefungwa, mbona ghala limejaa na oda zinachelewa?

Swali: Kampuni yetu imetumia fedha nyingi kufunga mfumo wa kompyuta wa manunuzi, ghala na usafirishaji. Mwaka umepita, oda bado zinachelewa na bidhaa ghalani zimeongezeka. Je, uwekezaji katika TEHAMA huboresha kweli utendaji wa mnyororo wa ugavi?

Jibu: Huuboresha, lakini kwa kupitia ubora wa taarifa anazozitegemea yule anayeamua kinunuliwe nini, kiasi gani na lini. Taarifa zikiwa na kasoro, mfumo mpya huzitumia kwa kasi zaidi kuliko daftari la zamani, na kwa maelezo yako nashuku hapo ndipo tatizo lilipo.

Angalieni kwanza muda wa uletaji, yaani siku tangu kuagiza hadi mzigo kufika, ulioingizwa siku ya kufunga mfumo. Ikiwa mgavi huleta mzigo kwa siku 12 na mfumo umeandikiwa 30, utaagiza mapema mno na bidhaa zitakaa ghalani takriban siku 18 zaidi ya inavyohitajika. Ukiandikiwa 5 kwa mgavi wa siku 20, bidhaa itakwisha kabla mzigo haujafika. Makosa haya mawili yanaweza kuwepo kwa pamoja, kila moja kwa bidhaa zake, na ndiyo maana ghala hujaa huku wateja wakisubiri. Hesabuni pia bidhaa kwa mkono na kulinganisha na kumbukumbu za mfumo.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hupatikana taarifa zinapovuka mipaka ya kampuni. Mwaka 1958 Jay Forrester, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, alionyesha jinsi badiliko dogo la mauzo ya rejareja linavyokuzwa kila oda inapopanda ngazi kuelekea kiwandani, kwa sababu kila mmoja huona oda za aliye chini yake tu. Leo tunaiita athari ya mjeledi. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ilipowafungulia wagavi wake takwimu za mauzo kupitia mfumo wake wa Retail Link mwaka 1991, ilikuwa inaondoa upofu huo.

Msimu wa kuwasha mfumo nao una uzito: Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha wake Julai 1999, oda za Halloween (sikukuu ya Oktoba ambapo peremende hununuliwa kwa wingi) zikimiminika, ikashindwa kutimiza oda nyingi ingawa bidhaa zilikuwepo.

Kabla ya kuongeza fedha, rekebisheni takwimu za bidhaa zenu zinazouzwa zaidi, kisha pimeni kwa miezi kadhaa asilimia ya oda zinazofika kamili na kwa wakati, mkilinganisha na kumbukumbu za kabla ya mfumo.