Toba ya Yeronimo iko shingoni

SWALI: Nafundisha sanaa shule ya upili hapa Kisumu. Niliwaonyesha wanafunzi nakala ya Mtakatifu Yeronimo, picha ya Leonardo da Vinci ya mtakatifu akitubu jangwani, ile isiyomalizika. Karibu wote waliandika kuwa rangi ya kahawia ni ishara ya toba. Niwape alama? Nao wakitaka kujaribu mtindo huo, waanzie wapi?
*Mwalimu, Kisumu*

JIBU: Kwa kahawia usiwape, Mwalimu. Ile ni hatua ya kazi tu. Leonardo aliianza picha hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1480 kwenye ubao wa walnati, akatanguliza vivuli ili rangi nyingine zifuate. Hazikufuata. Simba aliyelala mbele ya mtakatifu naye amebaki mistari mitupu, na hakuna aliyeandika kwamba simba anatubu.

Waelekeze shingoni. Msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kifuani umekakamaa, na juu ya mtulinga, yaani mfupa unaotoka chini ya koo hadi begani, kuna shimo la kivuli. Mashavu yamebonyea. Mkono wa kulia umenyooshwa mbali ukiwa na jiwe la kujipigia kifua, kwa hiyo mwili mzima unangoja pigo. Atakayeyataja hayo ameisoma picha. Juu kushoto kuna alama za vidole kwenye rangi. Wengine wataziita uchungu wa moyo, kumbe mchoraji alikuwa akilainisha anga.

Kwa zoezi, chukueni hardbodi ya sentimita 30 kwa 40, mpake emalshen nyeupe mara mbili, kisha msasa. Zimueni akriliki ya kahawia iliyokoza hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi, mpake ubao wote. Ikikauka, choreni kwa mkaa, halafu wekeni vivuli kwa kahawia ileile yenye maji kidogo. Nyeupe ije mwisho, kwenye paji la uso, mtulinga na bega pekee. Hapo ndipo wengi huharibu: nyeupe ikiingia kivulini, kivuli hupauka na shingo huwa bapa.

Mzee mvuvi aliyekonda kutoka Dunga atafaa kukaa mbele yao, ila apumzike kila dakika 10, maana kugeuza shingo hivyo kunaumiza. Darasa likiwa na madirisha pande mbili, zibeni upande mmoja, la sivyo lile shimo la mtulinga halitaonekana.

Mkitumia rangi ya mafuta, tabaka la kwanza liwe na tapentaini zaidi na ya juu yaongezewe mafuta. Mkigeuza mpangilio huo, la juu litakauka kabla ya la chini, kisha lipasuke.