RAID 0 au RAID 1 kwa video za harusi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina studio ndogo ya video za harusi hapa Morogoro. Kompyuta yangu ya mezani inatumia Windows 11 Home. Programu ziko kwenye SSD, na kazi za wateja ziko kwenye diski moja ya TB 4 inayokaribia kujaa. Nimenunua nyingine mbili za TB 4 Kariakoo. Kijana anayenisaidia anataka aziunganishe kwa RAID 0, yaani zionekane kama diski moja, nipate TB 8 na kasi. Nimkubalie? F.M., Morogoro

JIBU: Usimkubalie, dada. Hesabu yake ya TB 8 ni sahihi, ila RAID 0 hukatakata mafaili na kuyagawa kwenye diski zote mbili. Ikifa moja, inayobaki ina vipande visivyofunguka. Na bwana harusi hataingia ukumbini mara ya pili kwa ajili yako.

Weka RAID 1, ambayo kila kitu huandikwa pande zote mbili. Utabaki na TB 4 tu. Windows itaonyesha kama 3.6, lakini usigombane na muuzaji, hajakupunja: wenye viwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Kwanza zipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Angalia saa ambazo diski imefanya kazi. Mpya husoma sifuri au saa chache. Ukikuta maelfu, hiyo imeshatumika mahali, pengine kwenye kamera za ulinzi. Irudishe risiti ikingali mkononi.

Kisha zima kompyuta na uchomoe waya wa diski ya zamani. Storage Spaces, sehemu ya Windows ya kuunganishia diski, hufuta kila diski unayoitia tiki, na saa nne usiku diski za TB 4 hufanana zote. Washa, fungua Control Panel, ingia Storage Spaces, unda kundi la zile mbili mpya na uchague "Two-way mirror", ndilo jina lao la RAID 1. Kwenye ukubwa usiongeze namba. Itakuruhusu kuandika zaidi ya ulicho nacho, halafu nafasi halisi ikiisha igome kazi ikiwa katikati.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawajisumbui nalo. Nakili video moja humo, zima, chomoa diski ya chini, washa tena. Video ifunguke, na Storage Spaces ionye kwamba diski moja haipo. Ile inayosomeka ibadilishe jina iitwe "Juu". Zima, rudisha waya, subiri onyo litoweke, kisha ya pili iite "Chini". Siku moja ikifa kweli, hutang'oa iliyo nzima.

Ndipo urudishe diski ya zamani, unakili kazi zote na kuzikagua. Usiiingize kwenye kundi, ipeleke nyumbani. RAID 1 haimzuii kijana kufuta folda kimakosa, maana itafutika pande zote papo hapo, wala haimzuii mwizi kubeba kompyuta nzima. Nunua UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika; umeme wetu unaujua. Harusi mpya nazo zinahitaji nakala nje ya studio, kwa hiyo tafuta diski ya nje na gharama yake uiingize kwenye bei unayomtajia mteja.